Hoho Iliyowasha

Tororo, 9 Februari 1952

Kwa dada yangu Habibah,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila mguu wa Mama bado unamsumbua akishuka ngazi ya duka, na fimbo ameikataa, eti fimbo ni ya wazee. Mke wangu Rehemah anakusalimu sana. Vumbi la ujenzi wa kiwanda cha saruji limeingia mpaka kwenye debe la unga. Tumezoea.

Neno lenyewe ni hili. Nimepata kazi ya kupeleka mboga kwenye mesi ya Wazungu karibu na stesheni. Mpishi wao ni Oundo, yule mume wa jirani yako Benedeta. Ananiambia Wazungu wake wanalilia hoho, zile pilipili kubwa zisizowasha, ambazo huzijaza nyama wakazioka. Zinazokuja kwa treni zinafika zimenywea kama shavu la bibi kizee. Nikakumbuka shamba lako la mtoni, maji yake hayakauki hata Januari.

Mbegu anakuletea Faruku, dereva wangu, ndani ya bahasha ya bluu. Zioteshe kwenye kitalu chenye kivuli cha nyasi, zihamishe zikifika majani sita, na samadi iwe ya zamani, iliyopoa. Hoho zikikomaa, zipange kwenye kikapu juu ya majani ya mgomba, Faruku atazichukua kila Jumanne.

Mambo mawili tu. Mbegu hizi usimgawie mtu. Na hoho zikiiva, usiweke mbegu zake za kupanda tena. Zikihitajika nyingine nitakuletea mimi. Usiniulize sababu, dada, fanya hivyo tu.

Mdogo wako,
Mutwalibu


Busia, 2 Machi 1952

Mdogo wangu Mutwalibu,

Wa alaykum salaam. Nifikishie salamu kwa Mama, umwambie binti yangu Madina amejifungua salama huko Mbale, mtoto wa kike, na jina wamempa la kwake. Labda sasa atakubali fimbo, maana amekuwa mama wa bibi.

Bahasha ya bluu imefika, ila gundi yake ilikuwa imebanduka. Nilipomuuliza Faruku, akasema ni joto. Joto lilikuwepo, sikatai, lakini joto halina vidole. Nimezihesabu mbegu: sabini na mbili. Nawe niandikie ulitia ngapi.

Nimezisia, zimeota sitini na nne. Nimezifunika kwa nyasi na kuzungushia jivu, kwa ajili ya konokono.

Kuhusu yale mambo mawili. La kwanza nimelielewa, biashara ina wivu. La pili silielewi. Mimi nimeshika jembe tangu wewe unabebwa mgongoni, na sijasikia mkulima akikatazwa kuweka mbegu ya kitu alichokilima. Anayekupa ng'ombe akakukataza ndama, huyo hajakupa ng'ombe. Kuna nini unachokijua?

Dada yako,
Habibah


Tororo, 20 Aprili 1952

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Mama alilia kwa furaha kusikia jina, kisha akauliza kama mtoto ni mweupe au ni wa rangi yetu. Unamjua.

Mbegu zilikuwa nyingi, sikuhesabu. Faruku ni mtu wa nyumbani.

Oundo anasema hivi: ua la kwanza likitokea kwenye panda ya mche, likate. La pili pia. Mche ukijifungua mapema unadumaa, na hoho zake zinakuwa ndogo. Kila mche uwekee mti wa kuegemea. Mwagilia asubuhi, kila siku kwa kipimo kilekile, maana ukiuacha na kiu kisha ukaujaza maji, tunda linaoza kitakoni.

Naja kukutazama mwezi ujao, inshallah.

Mutwalibu


Busia, 29 Juni 1952

Mdogo wangu,

Idd mubarak, kwako na kwa nyumba yako yote. Tumefunga salama, tumefungua salama. Mwezi ujao umepita na mwingine umepita, sijaona hata vumbi la gari lako.

Nilipokata yale maua nilihisi kama ninamkaba mtoto. Lakini Oundo anajua anachosema. Miche imenyanyuka mpaka kiunoni, na hoho zimeshuka nzito, ngumu, zinang'aa, nyingine kubwa kuliko ngumi yangu. Nilionja moja. Ni kama tango lililosahau chumvi. Tangu hapo sijazigusa tena kwa ulimi. Walaji ni wao, mimi na watu wangu tuna pilipili zetu kali, zile ndefu nyekundu ninazowauzia wapika sambusa, ziko palepale kwenye mstari wa pili na zimezaa vizuri mwaka huu.

Kikapu cha Jumanne nilipanga hoho arobaini na tano. Muulize Faruku alishusha ngapi, kisha uniandikie bila yeye kuiona barua.

Benedeta ananisaidia kuchuma na kupanga. Mikono yake ni myepesi sana na hachoki. Juzi aliniomba mbegu chache apande nyuma ya nyumba yake. Nikamwambia zimekatazwa. Akauliza, "Nani nakataza?" Nikasema ndugu yangu. Akacheka, akasema, "Lakini hii maneno ya hoho ilitoka kwa bwana yangu." Nikaendelea kupanga hoho. Nami nakuuliza tena, Mutwalibu: kwa nini mbegu zisiwekwe?

Habibah


Tororo, 3 Agosti 1952

Dada yangu mpendwa,

Hoho zilikuwa arobaini na tano. Tuliza moyo.

Wazungu wamefurahi mno. Mkubwa wa mesi alitoka mpaka barazani, akaishika moja kama mtu anayeshika yai, akaniuliza imelimwa na nani. Nikasema imelimwa na watu wangu. Mama hajambo. Rehemah alishikwa na homa, sasa anaendelea vizuri.

Hiyo miche yako inazeeka. Mbegu mpya zitakuja hivi karibuni, usiwe na wasiwasi. Na Benedeta usimpe kitu. Nyumba yenye mume jikoni na mke shambani, kesho itatuona mimi na wewe wa nini?

Mutwalibu


Busia, 14 Septemba 1952

Mutwalibu,

Salamu zako nimezipata. Nimengoja mbegu Agosti nzima. Kila Jumanne Faruku anashuka na mikono mitupu, anatazama viatu vyake.

Jumanne iliyopita nilimpa chai na mandazi, nikamwacha aongee. Akasema amechoka na njia ya Petta. Nikauliza Petta kuna nini. Akasema kuna mzee anaitwa Oguttu, ana kisima na kitalu kikubwa, na yeye Faruku alimpelekea bahasha mbili za bluu. Kisha akaona macho yangu, akasema labda hazikuwa za bluu.

Petta ni karibu na Tororo kuliko Busia. Hilo hata mimi ninalijua. Niambie Oguttu ni nani.

Shamba langu usilihofie. Mbegu kidogo zilikuwa zimebaki kwenye ile bahasha yako, nimezisia tangu katikati ya Agosti, miche imeshika.

Habibah


Tororo, 12 Oktoba 1952

Dada yangu,

Unanihuzunisha. Oguttu ni rafiki, nilimpelekea mbegu za kabichi. Faruku anasema mengi akishiba.

Nashukuru kwamba zilibaki. Ila uliniandikia mbegu sabini na mbili, na ukasema umezisia. Pengine sikusoma vizuri.

Mama anakuombea dua.

Mutwalibu


Tororo, 20 Desemba 1952

Dada,

Assalaam alaykum. Salamu leo ni fupi. Kuna balaa.

Jumatano usiku mesi ilikuwa na wageni kumi na wawili, karamu ya kufungia mwaka. Oundo alioka hoho zilizojazwa nyama, zote kutoka kwenye kikapu chako. Mgeni wa kwanza aliuma, akainuka mezani akishika koo. Bibi mmoja akatapika. Mtoto wa mkubwa wa mesi alijipangusa jicho kwa kidole alichoshikia hoho, akapiga kelele mpaka daktari akaitwa. Mdomo wa yule bibi umevimba kama ulioumwa na nyuki.

Unajua mambo yalivyo upande wa Kenya tangu hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba. Wazungu hapa wanatazama mpaka sukari. Neno la kwanza lililosemwa mezani lilikuwa sumu, na neno la pili lilikuwa Oundo. Amechukuliwa na askari usiku uleule, hata aproni hakuvua.

Niandikie upesi. Nani anapanga vikapu?

Mutwalibu


Busia, 27 Desemba 1952

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama.

Vikapu anapanga Benedeta. Mimi nachuma upande mmoja, yeye upande mwingine, lakini majani ya mgomba anatandika yeye na kikapu anafunga yeye. Sikukuambia kwamba tangu nimnyime zile mbegu amekuwa hacheki nami kama zamani. Na mwezi jana nilimwona akikamua pilipili kali kwenye bakuli, akasema ni dawa ya vidukari. Mtu akizichovya hoho kwenye maji yale, nani atajua?

Nilimkuta kisimani, wanawake wamejaa. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Ulinyimwa mbegu, ukaamua kuharibu tunda. Sasa umemfunga mumeo mwenyewe." Alikuwa na mtungi kichwani. Aliutua, akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha, maana habari ya mumewe hakuwa nayo. Kwangu ndiko alikoisikia.

Nimemwambia asikanyage tena shamba langu. Akageuka akaenda. Mtungi aliuacha palepale.

Habibah


Tororo, 6 Januari 1953

Dada,

Umefanya vizuri kuniandikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkubwa wa mesi aliniita barazani mbele ya watumishi wote, akaniuliza kama naweza kuapa kwamba mboga zangu ni safi. Nikasema, "Mboga zilitoka kwetu safi. Muulizeni mpishi, na mke wake ndiye aliyefunga vikapu." Akaandika. Jioni askari walikuja dukani wakaandika pia. Sasa wanasema mke na mume walikula njama, na wanataka kujua ni nani aliyewatuma.

Lakini kuna jambo limenikosesha usingizi. Kile kikapu cha mwisho alichokileta Faruku, kile cha Jumanne iliyopita, nilikirudisha nyumbani kwa sababu mesi hawapokei kitu. Rehemah alikata moja apike. Aliita jina langu huku anashika mdomo. Tukakata sita, mbili zikawasha. Mbichi, dada, mpaka ndani kabisa.

Wewe ulimkataza Benedeta shamba tangu siku ile ya kisimani. Hiki kikapu kilifungwa na nani?

Mutwalibu


Busia, 10 Januari 1953

Mutwalibu,

Nina homa. Usimtume Faruku Jumanne hii.

Habibah


Tororo, 14 Januari 1953

Dada yangu Habibah,

Mama anauliza homa gani isiyo na maelezo. Mimi sikuuliza.

Nakuuliza kitu kimoja tu, na unijibu ndiyo au hapana. Uliweka mbegu?

Nitakuambia nilichokuficha. Siku Oundo aliponipa mbegu zile alinionya: hoho ikiwa jirani na pilipili kali, nyuki wanachanganya. Tunda la mwaka huo linabaki tamu, lakini mbegu iliyo ndani yake imekwisha kuolewa na ukali, na ukiipanda, baadhi ya miche itazaa hoho nzuri kwa macho na moto kwa ulimi. Alisema, "Mwambie dada yako asiweke mbegu, na umwambie sababu." Nikakuambia nusu.

Mutwalibu


Busia, 25 Januari 1953

Mdogo wangu Mutwalibu,

Wa alaykum salaam, wewe na waliomo nyumbani. Ndiyo. Niliweka.

Nitakueleza yote, na usiniwahi kunilaumu mpaka ufike mwisho.

Julai mwanzoni nilichagua hoho tatu kubwa kuliko zote, nikaziacha mpaka zikawa nyekundu, nikakausha mbegu juu ya karatasi ndani ya kabati la marehemu mume wangu. Zile nilizokuandikia kuwa zilibaki kwenye bahasha ndizo hizo. Nilikuwa nimekwisha kukuona unavyonizungusha. Nilijiambia, akinikatia mbegu, nitakuwa nazo zangu. Pilipili kali zilikuwa mstari wa pili, hatua mbili tu, na sikujua ubaya wake kwa kuwa hakuna aliyeniambia.

Barua yako ya tarehe sita iliponifikia nilikwenda shambani mchana, peke yangu. Nikachuma hoho kutoka mche wa kwanza, nikaiuma palepale. Tamu. Mche wa pili, tamu. Mche wa tatu ulikuwa mzuri kuliko yote, hoho yake ina vyumba vinne na ngozi kama kioo. Nikauma. Machozi yalitoka, na si kwa sababu ya pilipili tu. Ilikuwa bado ina joto la jua, nimeikata mwenyewe, hakuna mkono mwingine ulioigusa. Nikakaa chini kwenye tuta.

Siku tatu sikutoka nje. Nilikuandikia nina homa. Nilikuwa nafikiri: nikinyamaza, nani atajua? Ning'oe miche, nichome, niseme vidukari vimekula. Nakuambia haya ili ujue nilifika wapi. Halafu ikaja barua yako ya tarehe kumi na nne, na nikajua kwamba sasa tuko wawili tunaojua, na Oundo yuko ndani.

Nikaenda kwa Benedeta. Alikuwa jikoni anapepeta mtama. Sikuketi. Nikamwambia mbegu niliweka mimi, nikamweleza habari ya nyuki, nikasema nisamehe. Aliendelea kupepeta mpaka mtama wa ungoni ukaisha. Kisha akasema, "Mama Madina, wewe naniita mwizi kisimani, watu yote nasikia. Sasa nakuja kusema pole hapa jikoni. Nani nasikia? Mimi na hii kuku?"

Nikasema, "Unataka nifanye nini?"

"Rudi pale ulisema. Sema tena."

Asubuhi nilikwenda kisimani wakati wa watu wengi. Kevina, yule wa dukani, alikuwepo, na mabinti zake, na wanawake wa kanisani wote. Nikatua mtungi. Nikasema, "Siku ile nilimsingizia Benedeta. Hakuharibu kitu. Niliyeharibu ni mimi." Mmoja akacheka, akadhani ni mzaha. Ilibidi niseme mara ya pili, kwa sauti. Mdogo wangu, sijawahi kuona mtungi ukichelewa kujaa kama siku ile.

Benedeta alikuwa amesimama nyuma. Hakuniambia ahsante, wala sikuingoja. Alisema tu, "Sasa Tororo."

Tukang'oa miche miwili, mmoja wa tamu na mmoja wa kali, na mizizi yake na udongo wake, tukaitia kwenye madebe. Tukapanda gari la wachuuzi wa samaki, kila mmoja na debe mapajani. Sikupita dukani kwako. Nilikuwa nimeambiwa na Faruku kwamba umeondoka kwenda Soroti, na nilishukuru.

Kituoni, Mzungu mkubwa wa askari alitungojesha mpaka saa nane. Tulipoingia alitazama madebe, akatazama sisi. "Nyinyi nauza maua?"

Nikamwambia, "Bwana, chagua mwenyewe. Kata mwenyewe."

Alikata hoho ya mche mmoja kwa kisu cha mfukoni, akala. Hakuona neno. Akakata ya mche wa pili, akaila vilevile, bila woga, akitutazama. Uso wake ulibadilika rangi, akainuka, akanywa maji ya jagi bila bilauri. Askari aliyekuwa mlangoni aliukaza uso asicheke. Nikasema, "Miche ni ya mbegu moja, bwana, na mbegu niliweka mimi. Hakuna aliyetia kitu. Mpishi hakufanya kosa ila kupika."

Alipomaliza kukohoa akauliza, "Basi nani alisema mpishi na mke wake nafanya hii?"

Nilitazama sakafu, Mutwalibu. Benedeta alikuwa ananitazama mimi. Nikasema, "Kwanza mimi. Kisha ndugu yangu, Mutwalibu wa dukani sokoni."

Akaandika.

Walimtoa saa kumi na moja jioni. Siku thelathini na tatu. Amekonda, na bado alikuwa na ile aproni, ameikunja kwapani. Benedeta aliichukua ile aproni akaikung'uta, akaikung'uta tena, kama mtu anayekung'uta mkeka.

Sasa nakuja kwako. Najua Oguttu si kabichi. Faruku aliniambia yote kabla ya safari: hoho za Petta ziko tayari, na ulikuwa unangoja za kwangu zizeeke ili uniache bila kuniambia. Ndiyo maana ulinificha sababu. Mkulima anayejua kuweka mbegu yake hana haja nawe. Ungeniambia maneno kumi tu, ningezing'oa pilipili kali kwa mikono yangu.

Mimi nimerudi mahali nilipolisema neno langu, nimelikanusha. Wewe la kwako ulilisema barazani, mbele ya mkubwa wa mesi na watumishi wote. Usiniandikie barua nyingine mpaka uwe umesimama pale.

Habibah


Tororo, 22 Februari 1953

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Mama mzima, Rehemah mzima. Nimekaa karibu mwezi mmoja sijakuandikia, na sababu unaijua.

Nilikwenda mara mbili nikaishia getini. Mara ya tatu, juzi Ijumaa, niliingia. Mkubwa wa mesi alikuwa anakunywa chai. Nikaomba watumishi waitwe. Akashangaa, lakini akawaita: dobi, mlinzi, wale wa mezani, na mpishi mpya. Nikasema Oundo hakuwa na kosa, na kwamba mimi nilijua habari ya mbegu tangu mwanzo, na nikamtaja yeye na mke wake ili mimi nibaki safi. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema nisilete tena mboga, za Busia wala za Petta. Nikasema ndiyo bwana.

Oundo alikuwa jikoni, sikujua. Alikuja siku ileile kuchukua sanduku lake. Walikuwa wamemwambia arudi kazini, akakataa. Alisikia kila neno kupitia dirishani. Akatoka na sanduku begani, akasimama mbele yangu.

"Nilikuambia sababu. Ulimwambia dada yako?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Dada, nilikuwa na majibu mengi ya kupanga, nikayaacha. Nikasema, "Nilitaka aendelee kunihitaji."

Akatikisa kichwa taratibu, akashika njia. Nilikuwa na gari, nikamfuata nikiendesha polepole nyuma yake, tukavuka reli, tukapita soko, watu wanatutazama. Karibu na njia ya Busia alisimama. Aliweka sanduku nyuma ya gari, akapanda palepale nyuma, akakaa juu yake. Nilimfungulia mlango wa mbele, akageuza uso upande wa mlima wa Tororo. Basi tukaenda hivyo mpaka Busia, mimi na usukani, yeye na upepo.

Nilimshusha kwake. Benedeta alitoka, akapokea sanduku, hakunisalimu. Kutoka pale nilikuona, dada. Ulikuwa unatengeneza uzio wa chini, umejifunga kanga mbili, na umezeeka kidogo tangu mara ya mwisho. Nilizima gari. Nikakaa. Halafu nikaliwasha nikageuza, kwa sababu sikujua nianze na neno gani.

Mwaka mzima nimekuandikia kwamba naja. Leo naomba ruhusa. Nije?

Mutwalibu


Busia, 26 Februari 1953

Mdogo wangu Mutwalibu,

Nililisikia gari, na mlio wake naujua. Sikugeuka, kwa sababu nilitaka kuona kama utashuka.

Njoo Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Nitapika. Benedeta na Oundo nimewaalika, na wamesema watakuja, hawakusema zaidi ya hapo. Utakaa nao mkeka mmoja, na ukianza kubabaika mimi nitakuwa jikoni. Sitakusemea.

Dada yako,
Habibah